Projekta imefika shule, nianzie wapi? (jibu refu kwa mwalimu wa Malindi)

Mwalimu dada yangu, salaam kutoka Lamu. Swali lako limenigusa manake ni swali la wengi ila hawasemi: uko kazini miaka na miaka, una gredi ya tano hapo Malindi, shule imepata projekta na laptopu ila intaneti hamna, mmepelekwa semina mkarudi na cheti, sasa mwalimu mkuu ataka kuona vinatumika na wewe waogopa kusimama mbele ya watoto ambao mambo ya simu wanakushinda. Tena ukaomba msaada wa watoto wanaosoma kwa kusitasita. Wenzangu hapo juu washakutajia programu nyingi, sizipingi, lakini mimi naona usianze na programu. Anza na lile somo ambalo kila mwaka ukilifikia chaki inakushinda.

Kila mwalimu analo. Unaeleza, unachora, unafuta, unachora tena, na ukiwatazama watoto wanaitikia tu "ndio mwalimu" lakini hawako. Basi hapo ndo pa kuleta mashine. Kwengine kote endelea unavyofundisha siku zote wala usione haya, kusoma kwa sauti, imla, hesabu za kichwa, mambo hayo yanaenda vizuri bila projekta na usikubali mtu akwambie umepitwa na wakati.

Langu mimi lilikuwa mwezi na maji ya bahari. Watoto wa huku bahari wanaijua, mtoto wa mvuvi atakwambia leo ni bamvua, yaani maji yajaa sana na yapwa sana, na kuanzia siku fulani maji yatakuwa mafu, yaani kujaa na kupwa ni kidogo tu, na hakufundishwa na mwalimu yeyote. Sasa muulize kwa nini. Ubaoni nilikuwa nachora duara tatu, jua, dunia na mwezi, na mishale, lakini tatizo ni kuwa hivi ni vitu vinavyotembea na ubaoni havitembei, ndo nikaona hapa nahitaji msaada.

Nilichofanya kwanza hakikuwa hata na projekta. Niliwaambia watoto kila siku walete vitu viwili, tarehe ya mwezi wa Kiislamu ambayo wanaijua kwa chuo (madrasa) na kwa wazee nyumbani, na saa ambayo maji yamejaa. Wengine wakauliza babu zao, wengine wakaenda gatini kuwauliza manahodha. Asubuhi mtoto mmoja aingiza kwenye laptopu, safu mbili tu kwenye spredshiti, lile jedwali la kompyuta, basi. Siku zikipita ukibonyeza pa kuchora grafu unaona mstari unapanda, kila siku maji yanachelewa kujaa kama dakika 50 hivi kuliko jana yake, siku nyingine pungufu siku nyingine zaidi. Hiyo grafu ni yao, si ya kitabu, na walikuwa wanagombania zamu ya kuandika. Halafu kuna msichana mmoja, mkimya sana darasani, akasema "Mwalimu, na mwezi pia kila siku wachelewa kutoka." Sikumwambia ndio wala la, nikamwambia tutaangalia.

Hapo sasa ndo projekta ikaingia. Kuna programu inaitwa Stellarium, ya bure, yaonyesha mbingu kama unavyoiona ukiwa umesimama mahali popote duniani, na ukishaiweka kwenye laptopu haitaki intaneti. Nakupa funguo nilizojifunza na sikujisumbua na zingine: F6 kuweka mahali ulipo, F5 kuweka tarehe na saa, L kufanya wakati uende mbio, J kupunguza, K kurudi mwendo wa kawaida, na ile alama ya = inasogeza siku moja mbele saa ikibaki ile ile. Kaa nazo nyumbani usiku mpaka vidole vizoee, kwa sababu kipindi ni kifupi na watoto ukiwageuzia mgongo unatafuta kitufe umeshawapoteza.

Niliweka saa moja jioni, siku ya pili baada ya mwezi kuandama. Mwezi mwembamba upo magharibi, chini. Kisha kabla ya kubonyeza chochote nikawauliza, kesho saa hii hii utakuwa wapi? Waonyeshe kwa mkono. Wote mikono juu, huyu huku huyu kule. Bonyeza =. Mwezi umeruka, umepanda juu kidogo na umenenepa. Tena, nyosheni mikono. Bonyeza. Tukaenda hivyo siku baada ya siku mpaka mwezi umetimia na upo mashariki ndo kwanza watoka, na darasa zima likapiga kelele manake walikuwa wameshabashiri. Kisha nikamrudisha yule msichana aje aseme tena aliloliona. Mwezi wachelewa kutoka kwa wastani wa dakika 50 kwa siku, na maji yanachelewa kiasi hicho hicho. Akaliunganisha mwenyewe.

Ila angalia hapa, programu ile haikuonyeshi kwa nini bamvua na kwa nini maji mafu, na hilo ndo lilikuwa swali letu. Nikazima projekta. Tukatoka uwanjani, mtoto mmoja jua, mmoja dunia, mmoja mwezi anazunguka. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu wote watatu wako kwenye mstari mmoja, mvuto wa jua unaongeza nguvu ule wa mwezi, maji yajaa sana na yapwa sana. Mwezi ukiwa nusu jua linavuta upande mwingine, tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo. Kwa vile washaona mwezi unavyohama, hapa hawakupata taabu hata kidogo. Mashine ilifanya kazi ambayo mimi siiwezi na iliyobaki tukaifanya kwa miguu.

Sasa ile hofu yako ya watoto kukujua kuwa hujui. Mweke mtoto mmoja akae kwenye laptopu, kila kipindi mwingine, na wewe simama katikati ya darasa. Yeye abonyeze, wewe uulize. Simamisha hapo. Rudisha. Mbona imekuwa hivi? Kujua vitufe ni jambo dogo mwalimu, watoto wakushinde tu hakuna ubaya, lakini kujua swali gani liulizwe na liulizwe lini, hilo ni la mwalimu na wewe umelifanya miaka zaidi ya ishirini. Naomba uliamini hilo kwa dhati.

Mambo ya chumba ni mepesi. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe unatosha, msinunue skrini. Madirisha tunatundika leso (kanga), la sivyo jua la pwani linafuta picha yote. Picha ikikataa kutoka ukutani, kwa laptopu ya Windows shika kitufe cha Windows pamoja na P uchague kuonyesha pande zote mbili, mara nyingi tatizo ni hilo tu wala projekta haijaharibika.

Kuhusu intaneti, umesema hamna na bando ni la mfukoni mwako. Ulizia stoo kwanza. Ule mradi wa tableti wa serikali ulioanza 2016 ulileta kwa shule za msingi si tableti za darasa la kwanza peke yake, kulikuwa na laptopu mbili za walimu, projekta, kisanduku cha kuhifadhi masomo na ruta, kile kifaa cha kusambaza Wi-Fi. Ruta watu wanaidharau wakidhani bila intaneti haina kazi. Ina kazi! Inaunganisha laptopu yako na tableti za watoto hapo hapo darasani bila hata shilingi. Ukiweka Kolibri kwenye laptopu, programu ya masomo isiyotaka intaneti, nayo ni ya bure, unashusha masomo mara moja mahali penye mtandao mzuri, au unayachukua kwa flashi kwa mwenzako, na baadae watoto wanafungua video na mazoezi kwenye tableti zao na wewe unaona nani amekwama wapi. Kwetu tableti zilikaa zimefungiwa kwa kuogopa wizi na kuvunjika na zingine betri zikafa, kwa hivyo zenu kama bado ziko hai msizifungie zikiwa hazina chaji, wala zisijazwe pomoni, ziache nusu na mzitazame kila mwezi. Na hewa ya chumvi inakula matundu ya chaji, ukiona rangi ya kijani ndani ujue imeanza, ziwekeni kwenye boksi linalofunga vizuri na zifutwe kwa kitambaa kikavu.

Lile la pili uliloomba, la watoto wanaosoma kwa kusitasita, simu yako inatosha. Mrekodi mtoto aya moja, msikilize nyote wawili pembeni, arudie, mrekodi tena. Wanajisahihisha wenyewe bila wewe kusema neno. Ila sauti na picha za watoto zibaki kwenye simu na uzifute, msizirushe kwenye magrupu ya WhatsApp, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 yataka idhini ya mzazi na hata bila sheria ni amana.

Basi niandikie hapa, hapo gredi ya tano ni mada gani inayokuchosha, useme na laptopu yenu ni ya aina gani, nitakwambia kama kuna kitu kinachofaa au bora ubaki na chaki. Na Stellarium usiishushe kwa bando lako, faili ni kubwa. Kuna jamaa zangu wanasafiri na basi kuja huko mara kwa mara, nitampa mmoja flashi aje nayo pamoja na Kolibri.