Sanduku la Barua za Filamu: Juhi Chawla mbele ya kamera na nyuma ya hesabu

Toleo lililopita tulimtaja Juhi Chawla, mwigizaji wa filamu za Kihindi, kwa mstari mmoja tu, barua zikamiminika. Hizi ndizo tulizoona zina maswali yenye majibu. Za umbea wa mapenzi tumeziweka kando, isipokuwa moja.

Salaam wahariri. Mama yangu kila akimwona Juhi Chawla husema "yule wa Qayamat". Mimi nimemjulia kwenye The Railway Men ya Netflix. Nikitaka kumfahamu vizuri nianze na filamu gani? (Tanga)

Mama hajakosea. Qayamat Se Qayamat Tak ilitoka 1988, mwongozaji akiwa Mansoor Khan, nayo ndiyo iliyompaisha Juhi pamoja na Aamir Khan. Kwa mtazamaji aliyezoea kwamba steringi hafi, ilikuwa pigo: familia mbili zina uhasama, watoto wao wanapendana, mwisho binti anapigwa risasi na kijana anajichoma jambia palepale kando yake.

Lakini usianzie hapo. Anza na Hum Hain Rahi Pyar Ke ya 1993. Kijana ameachiwa watoto watatu wa marehemu dada yake na kiwanda chenye madeni. Juhi ni binti aliyetoroka kwao akikimbia ndoa asiyoitaka, na watoto wanamficha ndani ya nyumba bila mjomba wao kujua. Hapo ndipo utaona kipaji chake hasa: kuchekesha bila kujichekesha. Hasukumi utani. Anausema kama mtu aliyeudhika kweli, wewe ndiye unayecheka. Jukumu hilo lilimpa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kike, na filamu yenyewe ikachukua ya filamu bora.

Ukimaliza, tazama Darr ya Yash Chopra, ya mwaka huohuo. Wengi huitazama kwa ajili ya Shah Rukh Khan, adui aliyeishia kupendwa kuliko steringi Sunny Deol. Safari hii mtazame Juhi. Sehemu kubwa ya hofu yake anaigiza na mkono wa simu tu, hakuna mtu mbele yake. Yote yako machoni na katika pumzi. Kisha Yes Boss (1997), My Brother Nikhil (2005) na Gulaab Gang (2014), ambamo yeye ndiye adui, mwanasiasa mwenye tabasamu la sukari, akipambana na Madhuri Dixit.

Filamu yake ya kwanza ya Kihindi, Sultanat (1986), iruke. Ilianguka, na haikuonewa.

Kabla ya hiyo Qayamat alikuwa anafanya nini? (Morogoro)

Alikuwa Miss India wa 1984, na mwaka huohuo akashindana Miss Universe mjini Miami, akarudi na tuzo ya vazi la taifa. Baada ya Sultanat kuanguka alikwenda kusini akaigiza Premaloka (1987), ya Kikannada, pamoja na V. Ravichandran. Ilivuma sana. Kwa hiyo watu wa Bangalore walimjua kama nyota kabla Mumbai haijamkubali, jambo ambalo wasifu mwingi wa mtandaoni huliruka.

Ni kweli alikataa filamu zilizompandisha Karisma Kapoor? (Dar es Salaam)

Kweli, na amelisema mwenyewe zaidi ya mara moja. Ni Raja Hindustani (1996) na Dil To Pagal Hai (1997). Ya kwanza ilimpa Karisma Filmfare ya mwigizaji bora, ya pili ikampa Filmfare ya mwigizaji msaidizi na tuzo ya taifa.

Katika Dil To Pagal Hai nafasi ile ilikuwa ya pili, nyuma ya Madhuri, na wakati ule nyota wa kike aliyekubali nafasi ya pili alihesabiwa ameanza kushuka bei. Hesabu hiyo ilikuwa na mantiki yake. Kosa ni kuhesabu ukubwa wa nafasi badala ya kuusoma mchezo wenyewe.

Wahariri, naomba mnieleze kampuni yake na Shah Rukh. Wengine wanasema ilifilisika, wengine wanasema ndiyo Red Chillies ya leo. Ipi kweli? (Nairobi)

Hakuna kati ya hizo mbili iliyo kweli tupu. Kampuni iliitwa Dreamz Unlimited, ilianzishwa 1999 na watu watatu: Juhi, Shah Rukh na mwongozaji Aziz Mirza. Hawakukutana barabarani. Aziz Mirza alikuwa amewaongoza wote wawili katika Raju Ban Gaya Gentleman (1992) na Yes Boss, kwa hiyo walijuana kazini vizuri.

Kwanza uelewe kwa nini nyota anataka kampuni. Akiajiriwa, analipwa ujira wake na safari yake imeishia hapo. Filamu ikivuma miaka ishirini, haki za televisheni na za kuirudia ni za mtayarishaji. Akiwa ndiye mtayarishaji, ujira wake anauacha ndani ya filamu: fedha taslimu za kutafuta zinapungua, na haki zinabaki kwake. Ubaya wake ni kwamba filamu ikianguka anapoteza mara mbili, ujira na mtaji.

Na mtaji wenyewe haukuwa rahisi. Mpaka 1998 serikali ya India haikuitambua sinema kama sekta ya viwanda, hivyo benki hazikuikopesha. Watayarishaji walikopa kwa watu binafsi kwa riba ya kukaba koo, na baadhi ya fedha hizo zilitoka kwa wahalifu wa Mumbai. Tangazo lilitoka 1998, lakini milango ya benki ilifunguka polepole. Dreamz Unlimited ilizaliwa katikati ya kipindi hicho.

Walitoa filamu tatu.

Phir Bhi Dil Hai Hindustani ilitoka tarehe 21 Januari 2000. Juhi na Shah Rukh ni waandishi wa vituo viwili hasimu vya televisheni, wanaogundua kwamba mtu aliyehukumiwa kunyongwa kama gaidi si gaidi, wakati wakubwa wanataka unyongwaji uoneshwe moja kwa moja hewani. Ni kejeli kali, na kwa maoni yetu imezeeka vizuri kuliko filamu nyingi za mwaka ule. Lakini kumbi hazikujaa. Wiki moja tu kabla, tarehe 14 Januari, ilikuwa imetoka Kaho Naa... Pyaar Hai na kijana mpya Hrithik Roshan, na India nzima ilikuwa kwenye foleni ya pale. Tena vituo binafsi vya habari vya saa 24 vilikuwa bado vichanga. Huwezi kumchekesha mtu kwa kitu ambacho hajakizoea.

Asoka (2001) ilikuwa kubwa zaidi: mfalme wa kale, vita, farasi, mwongozaji Santosh Sivan ambaye asili yake ni mpiga picha. Ilioneshwa kwenye tamasha la Venice. Nyumbani haikufikia matarajio. Juhi hakuigiza humo. Kazi yake ilikuwa upande wa kampuni.

Chalte Chalte (Juni 2003) ndiyo iliyolipa. Aziz Mirza alirudi kwenye anachokijua: mwenye magari ya mizigo, mbunifu wa mavazi, ndoa changa na magomvi yake ya kila siku. Rani Mukerji aliingia baada ya Aishwarya Rai kuondolewa. Ikawa miongoni mwa filamu zilizoingiza fedha nyingi mwaka ule.

Baada ya hapo Shah Rukh akajikita kwenye Red Chillies, kampuni yake na mkewe Gauri, wakatoa Main Hoon Na mwaka 2004, na Dreamz Unlimited haikutoa filamu nyingine. Urafiki haukuvunjika: Juhi aliigiza katika Paheli (2005) ya Red Chillies. Na kabla hujaandika tena kuuliza: hapana, hawakuwa wachumba.

Mimi natengeneza filamu fupi Arusha. Nikisoma habari za India naona "crore 100", "crore 200". Ni shilingi ngapi, na mtayarishaji anabakiwa na nini? (Arusha)

Laki unaijua: ni 100,000, na neno lenyewe tumelitoa kwa Wahindi haohao. Crore moja ni laki mia, yaani milioni 10. Crore 100 ni rupia bilioni moja. Zidisha kwa bei ya rupia ya siku hiyo.

Sasa usidanganyike na tarakimu ya kichwa cha habari. Kuna mapato ghafi, ambayo ni kila kilicholipwa dirishani, na mapato baada ya kodi. Magazeti huchanganya, hasa yakitaka kumpamba nyota.

Chukua tiketi ya rupia 100, tarakimu za mfano. Tuseme kodi ni 25, zinabaki 75. Kumbi za skrini nyingi hugawana na msambazaji kwa viwango vilivyokubaliwa 2009, baada ya watayarishaji kugoma kwa miezi miwili: asilimia 50 kwa msambazaji wiki ya kwanza, 42.5 ya pili, 37.5 ya tatu, halafu 30. Tiketi ya wiki ya kwanza inamletea rupia 37.50, ileile ikiuzwa wiki ya nne inaleta 22.50. Ndiyo maana wanahangaika kujaza kumbi Ijumaa hadi Jumapili. Katika fungu hilo msambazaji anaondoa kwanza gharama za nakala na matangazo, na kamisheni yake. Kinachobaki ndicho cha mtayarishaji.

Mikataba na msambazaji iko ya aina tatu. Ya kwanza, ananunua eneo kwa kiasi kisichorudishwa. Ikianguka hasara ni yake, ikizidi mnagawana ziada. Ya pili, anatoa kianzio ambacho filamu isipolipa mtayarishaji anamrudishia. Ya tatu, anasambaza kwa kamisheni tu na hatari yote ni yako. India hukatwa vipande, Mumbai eneo lake, Delhi lake, Bengal lake, kwa hiyo filamu moja inaweza kumtajirisha msambazaji wa Mumbai na kumkausha wa Bengal. Ukisikia filamu "imevuma", uliza imevuma kwa nani.

Nimesikia mumewe ana miwa Uganda. Ni uvumi? (Kampala)

Si uvumi. Jay Mehta, waliyefunga ndoa 1995, ni mjukuu wa Nanji Kalidas Mehta, mzaliwa wa karibu na Porbandar, Gujarat, aliyekuja Afrika Mashariki akiwa kijana mwanzoni mwa karne iliyopita. Kiwanda chake cha sukari cha Lugazi kilianza 1924. Ukisafiri Kampala kwenda Jinja unapita katikati ya mashamba yenyewe. Familia ilipoteza mali 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, ikarejea baada ya utawala wake kuanguka. Upande wa India wana saruji, Gujarat.

Ndoa hiyo waliifanya kimyakimya, kwa sababu ya kikazi: miaka ile watayarishaji waliamini mwigizaji wa kike akiolewa watazamaji wanamtoroka. Yes Boss na Ishq, zote za 1997, alizitoa akiwa tayari mke wa mtu, na hakuna aliyetoroka.

Anaitwa mwigizaji wa kike tajiri kuliko wote India. Filamu tatu tu zinalipa hivyo? (Dodoma)

Hazilipi. Orodha ya matajiri ya Hurun ya 2024 ilimweka kwenye crore 4,600, yaani rupia bilioni 46, yeye na familia. Huwezi kuzipata kwa kuigiza. Chanzo kinachotajwa zaidi ni kriketi: Kolkata Knight Riders, timu ya ligi ya India ya IPL, iliyonunuliwa 2008 kwa takriban dola milioni 75. Red Chillies ina asilimia 55, upande wa Mehta 45. Timu imetwaa ubingwa 2012, 2014 na 2024. Washirika ni walewale wa Dreamz Unlimited, ukimtoa Aziz Mirza.

Niliitazama Yes Boss kwenye simu. Kila mtu anasema inachekesha, mimi sikucheka hata mara moja. Nina tatizo? (Mombasa)

Tatizo liko kwenye nakala. Angalia mambo matatu. Urefu: filamu ya Kihindi ya miaka ile huwa saa mbili na nusu hadi tatu, ukiona saa moja na dakika hamsini, imekatwa, na mara nyingi kilichokatwa ni nyimbo na ule utani unaozitangulia. Maandishi: kibao cha duka kikisomeka kinyume, picha imegeuzwa kama kwenye kioo ili kukwepa mitambo ya hakimiliki. Sauti: ikiwa nyembamba kidogo, wameongeza kasi. Hilo la kasi ndilo linalomuua Juhi, maana utani wake uko kwenye kile kituo kifupi kabla hajajibu. Ukikibana, kinabaki kibwagizo bila swali. Tafuta nakala ya kampuni yenyewe, yenye maandishi ya tafsiri yanayokwenda na midomo.

Na ukitafuta kwa jina, weka na mwaka. Chalte Chalte ya 1976 ni filamu nyingine kabisa. Aaina yake, anayocheza na Amrita Singh, ni ya 1993. Ile ya 1977 ni ya Pakistani.