Kota au uraiani? Majibu kwa familia za askari

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa jambo moja: familia ya askari ikae kambini au ipange mtaani? Nimezaliwa kota, nikakulia kota, nikaolewa na askari, na miaka ya mwisho ya utumishi wake tulipanga uraiani. Nayajibu kwa niliyoyaishi pande zote mbili za geti.

Shikamoo mama. Mume wangu ni koplo, amehamishiwa Lugalo kutoka Tabora na amepata kota ya vyumba viwili. Mimi nina vyerehani viwili na nataka tupange Tegeta ili nipate wateja. Yeye anasema kota ni bure, hakuna cha kujadili. Nani yuko sahihi? — Fundi cherehani, kwa sasa kwa wifi yangu, Tegeta

Marahaba mwanangu. Tuanze na hesabu. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam wanataka kodi ya miezi sita, wengine ya mwaka mzima, na dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja. Nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi inakutaka uwe na 1,750,000 mkononi kabla hujabeba hata godoro. Baada ya miezi sita unaanza tena kutafuta 1,500,000. Kwa mshahara wa koplo mwenye watoto, fedha hiyo ina kazi nyingine za kufanya. Hapo mumeo ana hoja.

Lakini kota nayo ina gharama zake, na zinaangukia upande wako. Mteja wa kushona anakuja mara tatu: kuleta kitambaa, kujaribisha, na kuchukua. Sasa mweke getini, aulizwe anakwenda kwa nani, aandikwe daftarini, asubiri upigiwe simu. Harudi huyo. Na biashara ndani ya kambi inahitaji ruhusa ya uongozi wa kikosi, usianze kimyakimya ukidhani hawataona.

Kuna jambo jingine nililoliona kwa mama yangu aliyekuwa akiuza vitumbua kota. Kambini watu wote wanapokea mshahara siku moja, kwa hiyo wote wanaishiwa wiki moja. Tarehe ishirini daftari la madeni limejaa na unga umekwisha. Mtaani kuna muuza samaki, mwalimu, dereva wa bajaji, fundi wa magari, kila mmoja na siku yake ya kupata, na biashara inapumua mwezi mzima.

Ushauri wangu: hamieni kota, kisha tafuta fremu nje. Lugalo iko kwenye barabara ya Bagamoyo, daladala ya kwenda Mwenge au Tegeta ni ya uhakika, na fremu ndogo ya vyerehani viwili haiwezi kufikia kodi ya nyumba ya familia. Mwambie mumeo kwamba la kujadili lipo: sehemu ya ile kodi mliyookoa ilipie fremu yako ya miezi mitatu ya mwanzo. Mtu aliyehama na kuacha wateja wake Tabora kwa ajili ya uhamisho wa mwenzake anastahili hilo.

Tunakaa nyumba ya wapangaji sita Mbagala, kamba ya nguo ni moja. Naweza kuanika sare za mume wangu uani? — Mama Abdul

Usianike. Sheria inakataza raia kuvaa au kumiliki sare za jeshi, na sare iliyoibwa kambani inaweza kutumika kumtapeli au kumpora mtu, halafu maswali yakaja kwa mumeo. Funga kamba chumbani au nyuma ya mlango, fungua dirisha. Zitachelewa kukauka wakati wa masika, kwa hiyo afadhali awe na jozi ya ziada.

Mume wangu amechaguliwa kwenda kulinda amani nje ya nchi kwa mwaka mmoja. Tumepanga Kigamboni, tuna mtoto wa darasa la pili na mimi ni mjamzito. Nibaki hapa, niombe kota, au nirudi kwa wazazi Songea? — Nina wasiwasi, Kigamboni

Mwanangu, swali lako ndilo ambalo watu wengi wanalijibu kinyume. Nyumba inachaguliwa kwa kumwangalia askari: yuko kikosi gani, anaamka saa ngapi, atafikaje kazini. Kwako wewe mwaka huu askari hayupo. Anayebaki ni wewe na watoto, kwa hiyo nyumba ichaguliwe kwa kuwaangalia ninyi.

Nikiwa kota, baba alikwenda safari ndefu mara mbili. Sikumbuki mama akilia peke yake hata usiku mmoja. Kulikuwa na mama wa mlango wa pili, naye mumewe alikuwa huko huko, wakipika pamoja Jumapili, na mdogo wangu alipopata degedege usiku wa manane ni wao walioita gari la kambi. Miaka mingi baadaye, nikiwa uraiani, ilikuja Desemba 2017, askari wetu wa kulinda amani waliposhambuliwa Semuliki, mashariki mwa Kongo, na zaidi ya 10 wakapoteza maisha. Mtaani kwetu kulikuwa na binti mmoja ambaye mumewe alikuwa Kongo. Siku mbili alikuwa akisoma habari za vipande vipande kwenye simu, hajui ampigie nani. Majirani walimpenda, walimletea chai, lakini hakuna aliyejua amwambie nini. Mumewe alikuwa salama. Zile siku mbili hakuna wa kumrudishia.

Ndiyo maana ningekushauri uombe kota, kama kikosi kina nafasi. Wewe ni mjamzito, na kulala karibu na watu wanaoielewa hali yako kuna thamani kuliko sebule kubwa. Fikiria pia safari ya hospitali. Kutoka Kigamboni usiku ni kuzunguka kwa daraja la Nyerere au kusubiri pantoni, na uchungu hausubiri pantoni. Songea wazazi watakupokea kwa upendo, lakini utamtoa mtoto shuleni katikati ya mwaka na utakuwa mbali na kikosi endapo karatasi yoyote inahitaji saini yako.

Ukikosa kota, baki Kigamboni, ila kabla hajaondoka yafanyike haya. Namba yako ya simu iandikwe kikosini kama mtu wa kwanza kupewa taarifa, si ya kaka yake. Upewe jina na namba ya ofisa anayeshughulikia familia za walioko safarini. Mkataba wa pango uandikwe majina yenu wote wawili. Na mkubaliane kwa maandishi kiasi kitakachoingia kwako kila mwezi. Nimeona ndoa nyingi zikiumia mwaka wa safari kwa sababu tu fedha zilipitia kwa mama mkwe.

Nimeonyeshwa kiwanja Gongo la Mboto, jirani kabisa na eneo la kambi. Bei ni nusu ya viwanja vingine. Mume wangu yuko Ukonga, angekuwa karibu na kazi. Tununue? — Mwalimu, Ukonga

Bei ya nusu ina sababu yake, tafuta sababu hiyo kabla ya kutafuta fedha.

Wewe ni mwalimu wa Ukonga, bila shaka unaikumbuka au umesimuliwa usiku wa tarehe 16 Februari 2011, maghala ya silaha ya Gongo la Mboto yalipolipuka. Watu zaidi ya 20 walikufa, maelfu wakakimbia na watoto mgongoni, wengine wakalala Uwanja wa Uhuru wakitafuta jamaa zao. Mbagala ilikuwa imepatwa na msiba kama huo tarehe 29 Aprili 2009. Nyumba nyingi zilizobomoka zilikuwa za raia waliojenga karibu. Sikutishi, lakini sitamshauri mtu anunue kiwanja cha kulelea watoto pembeni ya kambi bila kulitaja hilo.

Halafu kuna mpaka. Uzio unaouona si lazima uwe ndio mwisho wa ardhi ya jeshi. Vigingi vinaweza kuwa mbele zaidi, hapo hapo unapoonyeshwa. Barua ya serikali ya mtaa inathibitisha mauziano, haikupi umiliki. Nenda ofisi ya ardhi ya Jiji, uliza kama eneo limepimwa, omba kuona ramani, na kama kuna hati fanya upekuzi wa jina lililosajiliwa. Muuzaji akikuharakisha usifanye hayo, shukuru na uondoke.

Na hili la kuwa karibu na kazi lisikupe haraka. Leo yuko Ukonga, mwakani anaweza kuwa Monduli au Songea. Kiwanja cha askari kichaguliwe kwa mahali mtakapozeekea, si kwa kikosi cha sasa. Mkipata, jina lako liwemo kwenye hati. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, lakini kuliandika jina mapema kunakuokoa na kesi.

Binti yangu ameolewa na askari wa Marekani, wanahamia Killeen, Texas. Anaambiwa achague nyumba ya ndani ya kambi au ya nje, ananiuliza mimi wa Mbezi! Nimwambie nini? — Mama mkwe wa mbali

Dada yangu, huko utaratibu ni tofauti na wetu, lakini unaeleweka. Jeshi la Marekani linampa askari posho ya makazi isiyokatwa kodi ya mapato. Kiasi chake kinategemea cheo, kama ana familia, na eneo la kituo chake. Akikaa ndani ya kambi, kwa kawaida posho yote inakwenda kwa kampuni inayoendesha nyumba hizo, kwani tangu sheria ya 1996 nyumba nyingi za familia kambini zimekabidhiwa kampuni binafsi. Akipanga nje, posho inaingia mkononi: kodi ikiwa ndogo chenji ni yao, ikizidi wanaongeza wenyewe, pamoja na umeme na maji.

Kwa mgeni asiye na leseni ya udereva, ningesema aanzie ndani. Miji ya Texas si kama Sinza, ukitoka nje hukuti bodaboda kwenye kona. Kambini duka, zahanati na wake wengine wa askari wako karibu. Ila asisaini kwa macho ya upendo. Familia nyingi huko zililalamikia kuvu ukutani na mabomba yanayovuja, hadi Bunge lao likapitisha haki za wapangaji wa nyumba hizo mwishoni mwa 2019. Mojawapo ni kuonyeshwa historia ya matengenezo ya nyumba kwa miaka 7 iliyopita. Aiombe.

Wakiamua kupanga nje, ajue kwamba sheria yao inamruhusu askari kuvunja mkataba wa pango akipata uhamisho wa kudumu, au akitumwa safari ya siku 90 au zaidi, mradi atoe taarifa kwa maandishi na nakala ya amri. Natamani wapangishaji wetu wa Dar wangebanwa na sheria kama hiyo, maana nimeona askari anahamishwa mwezi wa pili na kodi ya miezi minne inabaki kwa mwenye nyumba. Kwetu kinga yako ni kuliandika jambo hilo kwenye mkataba kabla ya kulipa.

Mume wangu, sajenti, amefariki miezi miwili iliyopita. Niko kota na watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha nne. Nimeambiwa kwa mdomo tujiandae kuhama. Shemeji zangu wanataka twende kijijini na mafao wayasimamie wao. Hatukuwahi kujenga. — Mjane, Dar es Salaam

Pole sana mwanangu. Nimeisoma barua yako mara nyingi kwa sababu naijua kwa ndani. Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na mitatu. Kila mwaka alisema mwakani tutaanza msingi. Tulitoka kota na masufuria, vitanda viwili na picha yake ya gwaride, tukalala Manzese kwa mjomba, watu tisa vyumba viwili. Mama aliambiwa kwa mdomo kama wewe, akatii siku hiyo hiyo kwa sababu hakujua kwamba anaweza kuuliza.

Wewe uliza. Omba tarehe ya kuhama kwa maandishi, na wewe uandike barua kwa mkuu wa kikosi ukieleza kwamba mtoto ana mtihani wa taifa na unaomba mbaki hadi aumalize. Ni kweli kwamba kota inafuata kazi na haikuwa mali yenu, lakini ombi lenye sababu ya mtoto linasikilizwa na binadamu, nao pia ni wazazi.

Kuhusu mafao, usikabidhi kitu kwa mtu kabla ya mahakama. Chukua cheti cha kifo RITA, yaani wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, na mtu apendekezwe kuwa msimamizi wa mirathi. Mtu huyo anaweza kuwa wewe. Wakimpendekeza shemeji usiyemwamini, una haki ya kuweka pingamizi mahakamani. TAWLA, yaani chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wote wana ofisi hapa Dar na wanatoa msaada wa kisheria bure. Nenda mapema, usisubiri ugomvi.

Mtakapohama, panga vyumba viwili karibu na shule ya watoto, hata kama ni padogo. Usinunue kiwanja miezi sita ya mwanzo. Watakuja wengi na viwanja, mabasi, kuku wa mayai. Waambie mirathi bado iko mahakamani.

Jumatatu asubuhi toa nakala tatu za cheti cha ndoa, za vyeti vya kuzaliwa vya watoto na za kitambulisho chako, kisha nenda kikosini na barua yako. Mchukue mtu mmoja unayemwamini, akae kiti cha pembeni yako, aandike kila watakachokuambia.