Maswali yenu kuhusu ukweli wa kila siku, na marabi wanasemaje

Tangu niguse lile jambo kwamba kwa marabi, yaani walimu wa sheria za dini ya Kiyahudi, mtu anaweza kuitwa mwizi bila kuchukua hata senti ya mwenzie, mmeniandikia sana. Leo najibu machache. Kwa ambao hamjui, Talmud ni mijadala ya marabi, ile kubwa ilikusanywa Babeli, yaani Iraq ya leo, kama miaka 1,500 iliyopita, na humo ndani wanabishana mambo ya sokoni na ya mezani hadi unashangaa.

Jirani akinikuta nakula namwambia "karibu", huku moyoni naomba asikae maana chakula hakitoshi. Huo si uongo? (Mama wa Tanga)

Mama yangu, Rabbi Meir aligusa hilihili. Alisema usimng'ang'anize mwenzio ale kwako na wewe unajua kabisa hatakula, wala usimbembeleze kwa zawadi unazojua atazikataa, maana hapo unavuna shukrani ambayo hujaigharamia, mtu anaondoka anajiona ana deni la fadhila kwako kumbe deni lenyewe halipo. Hiyo ndo wanaita kuiba akili ya mtu. Wanatoa na mfano wa divai: mgeni kaja, unamfungulia pipa, naye anajua pipa likishafunguliwa halikai, kwa hiyo anaona umejitoa kweli kwa ajili yake, kumbe pipa ushamuuzia mwenye duka na lilikuwa la kufunguliwa tu. Lazima umwambie. Sasa rabi mmoja, Rav Yehuda, alimfungulia mgeni wake Ulla mapipa yaliyokwisha kuuzwa, na Talmud inamtetea hivi, ama alimwambia, ama Ulla alikuwa rafiki yake kipenzi kiasi kwamba angemfungulia tu hata kama yasingeuzwa.

Kwa hiyo wanachoangalia ni kile anachoondoka nacho mgeni kichwani. Ile "karibu" moja ya adabu kila mtu anajua ni heshima, haimdanganyi jirani. Ukianza kumvuta mkono, "jamani utaniudhi usipokula", na sufuria unajua limebaki ukoko, hapo ndo Rabbi Meir anakukataza. Na akikaa, mama, mgawie ulichonacho.

Nilienda stendi kupokea mzigo, nikakutana na shemeji kashuka basi, akanishukuru sana akidhani nimemfuata yeye. Nikanyamaza. Nimekosea?

Kisa chako kiko Talmud karibu kilekile. Marabi wawili, Rava na Rav Safra, walikuwa safarini, wakakutana njiani na Mar Zutra anakuja Mahoza, mji wa kando ya mto Tigris. Mar Zutra akadhani wametoka kumlaki, akasema mbona mmejisumbua kuja mbali hivi. Rav Safra akamjibu palepale, hatukujua kama unakuja, tungejua tungekuja mbali zaidi ya hapa. Baadae Rava akamlaumu, kwa nini umemwambia, umemvunja moyo. Safra akasema tusingesema tungekuwa tunamdanganya. Rava akajibu, hapana, kajidanganya mwenyewe.

Kwa Rava uko salama kaka, hukusema wala kufanya kitu cha kumfanya aamini vile. Ila mi nampenda sana Rav Safra, ona alivyosema ukweli na heshima ya mtu ikabaki palepale. Na kama shemeji alikununulia chakula kwa ajili ya hiyo shukrani, mwambie.

Naenda Kariakoo nashika viatu, najaribu, naulizia bei, halafu naagiza mtandaoni kwa bei ya chini. Kuna kosa?

Lipo, na limeandikwa kabisa: usimuulize muuzaji "hiki bei gani" wakati hutaki kununua. Kulinganisha bei sio shida, ndo soko lilivyo, shida ni kwamba wewe ulishaamua toka nyumbani, na yule kijana anapanda juu anashusha maboksi, anakutafutia namba 42, anakufunga kamba, anakushushia mpaka bei ya mwisho akiwa na tumaini la bure. Hakuna wa kukukamata, na marabi wanalijua hilo, ndo maana wanasema mambo ya aina hii yamekabidhiwa moyo wa mtu, na Torati inaongezea hapo "umche Mungu wako". Mwambie mapema "leo naangalia tu", aamue yeye.

Wakala wa simu kanizidishia 50,000. Simjui na sio wa dini yangu, rafiki zangu wanasema ni riziki.

Rabi mmoja, Shimon ben Shetach, aliishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, akifanya biashara ya kitani. Wanafunzi wake wakamnunulia punda kwa Mwarabu mmoja ili kazi impungukie, wakakuta kito cha thamani kimening'inia kwa yule punda, wakamwambia mwalimu, umepumzika na kazi. Akauliza, mwenyewe anajua? Hapana. Akasema rudisheni. Wakaleta hoja za kisheria kwamba mali iliyopotea ya mtu asiye Myahudi si lazima irudi, akazikataa, akasema anataka kumsikia yule Mwarabu akimbariki Mungu wa Wayahudi kuliko malipo yoyote ya dunia hii. Rudisha leo kaka, maana jioni wakala akifunga hesabu, pengo linazibwa na mfuko wake.

Rafiki kashona gauni la harusini, halimkai kabisa. Ananiuliza limependeza?

Kashalishona? Lisifie. Marabi wa shule mbili walibishana hapa: shule ya Shamai walitaka bibi harusi asifiwe kama alivyo tu, shule ya Hilel wakasema kila bibi harusi ni mzuri na ana neema, wakaongeza kwamba mtu aliyekwisha kununua kitu kibaya sokoni unakisifia mbele yake. Ila akikuuliza bado kitambaa kipo dukani, sema kweli yote dada, hapo bado unaweza kumwokoa.

Mwanangu analia nikitoka, namwambia nitarudi na pipi. Akinyamaza nasahau.

Rabbi Zeira alikataza kumwahidi mtoto kitu na usimpe, kwa sababu unamfundisha uongo. Leo ukirudi pitia dukani umnunulie, na kesho kama hela hakuna mwambie tu mama anarudi jioni, hata kama atalia.