Usilipe Ijumaa kabla hujajua ufuo unatazama wapi

Mdogo wangu, usilipe. Nimesoma mada yako mara mbili. Wewe na mkeo mko Toronto, mwezi wa saba mnatimiza mwaka mmoja wa ndoa, mmepata kifurushi cha siku saba Punta Cana, Jamhuri ya Dominika, hoteli ya ufukweni, chakula na vinywaji ndani ya bei, na Ijumaa ndiyo mwisho wa kulipa. Umeuliza chakula cha halali, nguo za mkeo za kuogelea, matembezi, kubadilisha pesa, na kama muende na bima. Kuhusu bahari yenyewe hujauliza neno. Mimi niliuliza nusu, nikajibiwa nusu, na hiyo nusu iliyobaki ilinila akiba ya miezi kumi na minne.

Julai 2022 mimi na mume wangu tulitimiza miaka kumi. Tunaishi Columbus, Ohio. Mimi natunza wazee zamu za usiku, yeye anaendesha lori. Tangu tuoane hatujawahi kwenda mahali wawili tu, bila watoto, bila msiba, bila harusi ya mtu. Tukadunduliza hadi zikafika dola 3,860, zote zikaingia kwenye kifurushi kama hicho chako, na juu yake dola 40 kwa kila usiku ili chumba kitazame bahari. Karatasi ilisema wazi kwamba ukishalipa hakuna kurudishiwa. Tukasaini.

Aliyetuuzia ni mtu wa kwetu, anaongea Kiswahili kama mimi, anauza safari kwenye kundi la WhatsApp. Nilimpigia nikamwuliza, bahari ikoje mwezi huo? Akanijibu: "Dada, kuna mwani kidogo asubuhi, lakini wanausafisha kabla hamjaamka." Basi. Sasa mimi ni mtoto wa Jambiani. Kilimo cha mwani kilianza pwani yetu ile ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na mama yangu ni katika kina mama walioingia baharini na kamba na vigingi tangu mapema. Kwetu mwani ni sare ya shule, ni daftari, ni bati la nyumba. Mtu akiniambia kuna mwani kidogo, mimi naona mashamba yaliyopangwa mistari, maji yamekupwa, wanawake wanaimba. Nikamwambia hiyo si shida, nimekulia humo. Na yeye akanyamaza, ingawa alijua kabisa kwamba mimi na yeye hatuzungumzii kitu kimoja. Kunyamaza kule ndiko kunakoniuma hadi leo kuliko hata pesa.

Ndege iliposhuka, dirishani niliona mikanda ya rangi ya kahawia baharini, mirefu, inaelekea pwani. Nikamwonyesha mume wangu, nikamwambia ile ni miamba. Kwenye gari la hoteli, kabla hatujaona maji, tukasikia harufu ya mayai viza. Mume wangu akafikiri ni shimo la choo limepasuka. Tulipofika chumbani tukafungua mlango wa baraza ule wa dola 40, na harufu ikaingia yote kwa pamoja, maana upepo ulikuwa unavuma kutoka baharini moja kwa moja hadi kitandani kwetu.

Ufuo haukuonekana. Sisemi kwa kutia chumvi. Kulikuwa na rundo la kahawia linalofika magotini, limelala mwambao mzima upande wa kulia hadi wa kushoto, na maji ya mbele yake yalikuwa rangi ya chai ya mkandaa. Saa kumi na moja alfajiri tulisikia matrekta. Vijana wenye reki na uma walizoa hadi saa nne, wakajaza malori, na ilipofika saa nane mchana bahari ilikuwa imeshaleta mwingine. Kulikuwa na vizuizi vya kuelea vimefungwa huko mbele baharini, lakini mwani ulipita juu na pembeni. Wale vijana walifanya kazi ya kweli, siwalaumu hata chembe. Siku ya tatu bangili yangu ya fedha, aliyonipa bibi siku ya ndoa, ilikuwa imegeuka nyeusi. Mimi na mume wangu tulikuwa tunaumwa kichwa, tumefunga milango, tumewasha kiyoyozi, tunatazama televisheni ya Kihispania. Miaka kumi ya ndoa.

Wenyewe wanauita sargazo, na hauna undugu na ule wa kina mama wa Jambiani. Wa kwetu unafungwa kwenye kamba, hauendi popote. Huu haushiki mwamba wala mchanga maisha yake yote. Una vijipovu vya hewa kama mbegu za shanga, unaelea juu ya Atlantiki na kuzaliana huko huko. Zamani ulikuwa unakaa zaidi huko kaskazini, kwenye Bahari ya Sargasso. Tangu 2011 umeota mkanda mwingine unaoanzia karibu na Afrika Magharibi, ukavuka bahari yote hadi Karibi na Ghuba ya Meksiko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha South Florida wanaupima kwa setilaiti, na Juni 2022, mwezi mmoja kabla sisi hatujatua, walihesabu zaidi ya tani milioni 20. Wanatoa taarifa kila mwezi, bure, yeyote anaweza kusoma. Yule muuzaji wetu alikuwa na simu ile ile aliyotumia kututumia namba ya akaunti. Ukitupwa pwani, siku mbili tu unaanza kuoza na kutoa gesi, ile ile ya yai viza, na gesi hiyo ndiyo inayoweusha fedha.

Nilishuka mapokezi na bangili yangu mkononi. Nikaambiwa kwa adabu kwamba mwani ni jambo la asili, hoteli haihusiki, na bwawa la kuogelea liko wazi hadi saa moja usiku. Bwawa! Columbus kuna bwawa, mtaa wa pili kutoka nyumbani. Bima tuliyokuwa nayo ililipa kwa ugonjwa, kifo na mizigo kupotea, mwani haumo. Nikampigia muuzaji. Akasema, "Lakini dada nilikwambia kuna mwani." Nikamwambia picha ulizonitumia hazikuwa na jani hata moja. Akasema picha ni za hoteli, si zake. Kumbe zilikuwa za Januari. Mtu anayeuza safari ya Julai kwa picha za Januari anajua anachofanya, hata kama ni ndugu yako na anakuita dada.

Na asije mtu hapa kusema tulipaswa kutafiti. Tulitafiti. Tulisoma maoni ya wageni, na wengi waliandika "ufuo mzuri sana, mchanga mweupe". Walisema kweli, ila walienda Februari.

Aliyetuokoa ni mama wa kufagia vyumba. Aliona nimekaa sakafuni, akaweka ndoo chini, akachukua kalamu akaandika kwenye kikaratasi: Bayahibe. Akaonyesha kwa mkono upande mwingine, nyuma ya hoteli, kule jua linakozama. Siku ya tano tukachukua teksi, dola 160 kwenda na kurudi, kama saa moja njiani. Kisiwa kile kile, siku ile ile, upepo ule ule. Tulipofika mume wangu alisimama mlangoni mwa gari, hakusema kitu. Maji yalikuwa safi kiasi kwamba unaona vidole vyako vya miguu ukiwa umezama hadi kifuani. Hakuna trekta. Watoto wanaoga. Tulikula samaki wa kukaanga na ndizi mbichi za kupondwa na kukaangwa, tukaoga hadi jioni. Kesho yake tukarudi tena, tukapanda boti kwenda kisiwa cha Saona, na njiani wakasimama pale kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari, maji ya kiunoni, nyota za bahari chini. (Msiziinue nje ya maji hata kama wengine wanapiga nazo picha, zinakufa.) Siku hizo mbili ndizo nilizozikumbuka kama likizo. Nyingine tano tulizilipia tu.

Sasa sikiliza kilichotutenganisha na bahari nzuri, kwa sababu ndicho hicho tu nilichojia hapa. Wavuvi wetu wana maneno mawili ambayo mjomba alinifundisha nikiwa mdogo: joshini ni upande upepo unakotokea, demani ni upande wa pili, uliokingwa. Pwani ya Afrika Mashariki tumezoea upepo kupokezana, kaskazi miezi hii, kusi miezi ile, kwa hiyo hatuoni kwamba ufuo una upande wake wa kudumu. Tukipanga kwenda Jambiani tunauliza kama ni bamvua, maji makubwa, au maji mafu, maji madogo, na yatakupwa saa ngapi. Karibi maji yanapanda na kushuka kidogo sana, hilo halina maana kule. Lakini upepo wao ni mmoja, unatoka mashariki karibu mwaka mzima, na kila kinachoelea kwenye Atlantiki unakisukuma kwenye pwani za mashariki. Punta Cana ndiyo ncha ya mashariki kabisa ya kisiwa kile. Bávaro, Uvero Alto, hoteli nyingi za kwenye matangazo, zote ziko joshini. Bayahibe inatazama kusini-magharibi, iko demani. Laiti ningetazama ramani kwa macho ya mjomba kwa dakika moja tu!

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, jiulize: ufuo unatazama wapi? Fungua ramani ya simu, tafuta hoteli, simama mlangoni mwake kwa mawazo, tazama bahari. Kama unatazama mashariki na unasafiri kati ya Machi na Agosti, ondoka hapo. Haijalishi wamekupunguzia kiasi gani. Ukijiuliza kwa nini mwezi wa saba ni rahisi hivyo, jibu lake ni hilo, pamoja na kwamba msimu wa vimbunga unaanza 1 Juni hadi 30 Novemba.

Kanuni hii haiko kwa Jamhuri ya Dominika peke yake. Kama mkiamua Barbados, chukueni pwani ya magharibi, Holetown na Payne's Bay. Bathsheba, upande wa mashariki, ni pazuri kwa kutazama mawimbi tu. Saint Lucia, kaeni upande wa Soufrière au Rodney Bay, si upande wa Atlantiki. Jamaika, Negril iko kwenye ncha ya magharibi. Aruba hoteli zake za Eagle Beach na Palm Beach ziko magharibi, tena kile kisiwa kiko kusini sana, vimbunga vingi hupita mbali nacho. Sisemi upande wa demani haufikiwi kabisa, mikondo ya bahari huzunguka na siku nyingine sargazo hutokea hata huko. Lakini kuna tofauti ya mkono mmoja wa majani na magoti mawili ya majani.

Picha za hoteli zifute kwenye simu. Tafuta picha zilizopigwa na wageni wiki hizi mbili zilizopita, au kamera za ufukweni zinazoonyesha moja kwa moja. Baadhi ya fuo zinazo. Soma ile taarifa ya mwezi ya South Florida. Na muuzaji wako mwulize kwa maandishi, si kwa simu: hoteli iko pwani gani, na je, mwezi huo mwaka jana sargazo ulifika? Tumia neno hilo hilo, sargazo. Usitumie "mwani", maana neno hilo ndilo lililonifumba macho mimi. Akijibu "kidogo tu", mwambie akutumie picha ya Julai.

Ulisema chakula. Nguruwe ni mwingi, na mofongo, ile ndizi ya kupondwa na kitunguu saumu, kwa kawaida huwa na ngozi ya nguruwe ya kukaanga ndani. Jifunze kusema "sin cerdo", yaani bila nguruwe, na urudie hadi uhakikishe wamekuelewa. Lakini mwambie wifi yangu asiogope njaa. Wana wali uliopikwa na mbaazi, wenyewe wanauita moro de guandules, na ukipata uliotiwa tui la nazi utajiona uko kwa mama mkwe. Nilipoonja kwenye kibanda kule Bayahibe nilimpigia mama Jambiani saa hiyo hiyo, kwao ilikuwa usiku, nikamwambia mama, huku nao wanakula mbaazi za nazi. Akaniuliza, na bahari je? Nikamwambia ya leo nzuri.

Leo ni Jumatano. Usiku huu fungua ramani na mkeo mkiwa wote wawili, kisha andika hapa jina la ufuo na upande unaotazama. Natoka zamu saa moja asubuhi, nitapita kusoma kabla sijalala, nikuambie kama ulipe au utafute mwingine.