Kupanua tundu la sikio: kutoka milimita 2 hadi 4 kwa mkupuo?

Hapana, usiruke. Panda milimita 1 kwa hatua, au nusu ukiipata saizi hiyo, kisha ngoja angalau miezi miwili kabla ya nyingine. Ukilazimisha, ngozi ya ndani ya tundu husukumwa nje ikatokeza kwa nyuma, au ndewe yenyewe, yaani nyama laini ya chini ya sikio, ikachanika, na kovu linalobaki ndilo litakalokukwamisha baadaye. Kama saizi inayofuata inagoma hata baada ya kuoga maji ya uvuguvugu na kupaka mafuta kidogo ya jojoba, wakati wake bado. Ukiona damu au maumivu makali, toa urudi saizi ya chini. Tundu likiwa bado bichi vaa pambo la glasi au titani, si la akriliki (plastiki ngumu) wala silikoni. Na kile kijiti chembamba mbele, kinene nyuma, ni cha kupitishia tu. Wanaoshinda nacho kama pambo wanajitafutia shida. Ndivyo mafundi wazoefu wa kutoboa wanavyoelekeza, ila ni kwa ndewe pekee. Gegedu la juu, ile sehemu ngumu ya sikio, usiliguse nyumbani.