Kuhusu mama anayesikia kwaya tangu apate kiharusi

Pole sana dada. Umesema mama anasikia kwaya ikiimba usiku redio ikiwa imezimwa, na majirani hapo Igoma wanasema ni mapepo. Si mapepo. Na kama mwenyewe anajua redio haijawashwa, hiyo ni dalili nzuri kwamba hajapata wazimu.

Sehemu ya ubongo inayoshughulikia muziki iko pembeni, usawa wa masikio. Kiharusi kikiigusa, au kikiharibu njia zinazoipelekea sauti, huenda isitulie: ikachomoa nyimbo kwenye kumbukumbu na kuziimbisha yenyewe. Ndiyo maana nyingi huwa za zamani, za kanisani au za utotoni, kipande kilekile kikijirudia. Daktari Wilder Penfield wa Montreal, akiwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, aligusa eneo hilo kwa umeme kidogo, na baadhi yao wakasikia muziki ambao haukuwepo chumbani.

Anasikia vizuri siku hizi? Uziwi wa uzeeni unaweza kuleta hali hii hata bila kiharusi, kwa hiyo mpeleke hospitali ya Bugando wampime masikio pia. Nyimbo zikija ghafla huku anaduwaa au mkono unamcheza, mwambie daktari hilo kwanza kabisa. Huenda ni kifafa kilichotokana na kovu la kiharusi, na kina dawa. Usiku mwachieni redio kwa sauti ya chini, wengine huwasaidia. Dawa za presha asiache hata siku moja, hata mkienda kwenye maombi.