Curry aanze na nani? Mimi nilikuwa timu Monta, sikilizeni nilivyohama

Wakuu salaam. Nimesoma uzi wote kuanzia juu. Mleta mada kauliza, ukipewa Steph Curry yule wa moto kabisa, pale Golden State Warriors, timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, unampa nani aanze naye kama namba mbili (Curry ni namba moja, yani pointi gadi anayeongoza mpira, namba mbili ni gadi mwenzake wa kufunga): Monta Ellis, Klay Thompson au Jordan Poole? Na kuna mdau kashusha maneno kwamba Klay alibebwa tu, kipaji alikuwa nacho Monta na Warriors walimuuza kwa roho mbaya. Mdogo wangu sikucheki, mana hayo maneno mwaka 2012 nilikuwa nayaongea mimi, tena kwa kupiga meza.

Nianzie mbali kidogo. Drafti ya 2009, ile siku timu za NBA zinachagua vijana wapya kwa zamu, huku Bongo tuliifuatilia kwa sababu ya Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar kachukuliwa namba 2 na Memphis, mbele ya James Harden, aisee mtaani hata watu ambao hawajawahi kushika mpira wa kikapu walikuwa wanaijadili Memphis. Mimi nikawa naenda intaneti kafe nalipia nusu saa natafuta vipande vya Hasheem, video inazunguka weee inaonyesha sekunde tano inasimama tena, na Hasheem mwenyewe dakika alizokuwa anapewa ni chache, kwahiyo naishia kuangalia wengine wa drafti ileile. Ndo nikakutana na dogo mmoja mwembamba kachukuliwa namba 7 na Golden State, wakati Minnesota wamechukua pointi gadi namba 5 na namba 6 mfululizo na wote sio yeye. Ila sitawadanganya, aliyenifanya nirudi kafe kesho yake hakuwa Curry. Alikuwa Monta.

Monta bwana. Anashuka na mpira kama anakimbizwa na mgambo, anaingia katikati ya watu warefu watatu, anajikunja hewani halafu mpira unaingia hujui umepitia wapi. Msimu wa 2010-11 alikuwa anakupa wastani wa pointi 24 na dakika 40 kila usiku. Curry pembeni yake anakupa 18. Wewe ukiwa kijana wa miaka 19 unampenda nani hapo? Timu ilikuwa inafungwa lakini hilo nilikuwa sijali, msimu wa kwanza wa Curry walishinda 26 tu wakapoteza 56, uliofuata wakashinda 36, na mimi nikasema wakipata senta mzuri hawa watu hakuna wa kuwazuia.

Kitu ambacho vijana wengi hawakijui, Monta mwenyewe alilisema hili kabla Curry hajacheza hata mechi moja ya ligi. Siku ile ya kuongea na waandishi kabla ya msimu wa 2009 aliulizwa atachezaje na huyu mgeni, akajibu wazi kwamba haiwezekani, wote wawili ni wadogo na kwenye ligi kuna namba mbili wakubwa. Watu wakasema ana wivu. Labda wivu ulikuwepo, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, alichokuwa hajui ni nani ataondoka.

Mimi nililielewa hilo kwa miguu yangu, sio kwa kusoma.

Miaka hiyo nilikuwa nacheza namba moja kwenye kitimu chetu cha mtaani, uwanja wa shule, lami imepasuka, ringi moja haina neti na nyingine imeinama kidogo kushoto (ukiizoea unapiga shuti ukiwa umeshaifidia). Namba mbili wetu alikuwa jamaa mmoja fundi kwelikweli, nyuma ya mgongo tulimwita Mchoyo, mbele yake tulimwita Kaka. Mpira ukimfikia umefika mwisho wa reli. Mimi nasimama pembeni mikono imeinuliwa, nashusha, nainua tena, jasho linanikaukia mwilini. Halafu mechi ikigeuka tukawa tunakaba, yeye anapumzika, mimi ndo nahangaika na pointi gadi wa wenzetu, tukirudi mbele naletewa mpira sekunde za mwisho kabisa nipige kutoka mbali. Shuti fupi. Kila siku fupi, inagonga mbele ya ringi. Nikawa najua tatizo ni mikono yangu.

Kocha wetu alikuwa mzee mmoja mwalimu wa hesabu, siku moja akatuletea zoezi la kucheza tano kwa tano bila kudunda mpira. Ukidunda hata mara moja, mpira unaenda kwa wenzako. Mchoyo alicheza dakika nne hivi akazira, akavaa malapa yake akaondoka. Nafasi yake akaingizwa jamaa mrefu mkimya ambaye alikuwa anauza hadiwea, alikuwa anakuja moja kwa moja kutoka kazini, saruji mpaka kwenye kucha, akipiga shuti mpira unarudi una alama nyeupe za vidole. Huyu jamaa alikuwa hadundi hata ukimruhusu. Anakimbia nyuma ya watu, anatokea kona, anadaka anaachia. Na kitu cha pili, bila kuambiwa na mtu, alikuwa anaenda kumkaba pointi gadi wao. Mimi naachiwa yule mzembe anayesimama pembeni. Wiki ya pili tu shuti zangu zikaacha kuwa fupi. Mikono ilikuwa ileile, sema miguu sasa ilikuwa imepumzika, na shuti la mbali linatokea miguuni wakuu, yeyote aliyewahi kulipiga robo ya nne, ya mwisho, anajua.

Sasa rudini Golden State mkiwa na hiyo picha. Machi 13, 2012 Monta anapelekwa Milwaukee, anakuja senta Andrew Bogut ambaye wakati huo ni majeruhi hata kucheza hachezi. Na Curry anayebakizwa ana kifundo cha mguu kibovu, msimu ule alicheza mechi 26 tu. Mimi nilitukana sana, na sikuwa peke yangu, siku chache baadae pale Oakland walikuwa wanaitundika jezi ya Chris Mullin, mmiliki Joe Lacob kushika maiki kuongea akazomewa uwanja mzima mpaka mkongwe Rick Barry akaja kuwatuliza watu na hawakutulia. Hao mashabiki waliozomea ndo walikuwa mimi. Tulikuwa tunaona kipaji kimeondoka kimebaki kifundo. Hatukumwona dogo mmoja wa mwaka wa kwanza, namba 11 wa drafti ya 2011, futi 6 na inchi 6, mkimya, ndo huyo Klay, ambaye dakika zake zilikuwa zinasubiri Monta aondoke.

Na kama kuna mtu anataka kujua Monta na gadi mwingine mdogo mwenye mpira wangefika wapi, jibu lipo, halihitaji kubishana. Milwaukee walimweka na Brandon Jennings, naye wa drafti ya 2009 kama Curry. Gadi wawili wadogo, wawili wanataka mpira, wawili wanafunga. Msimu wa 2012-13 wakamaliza na ushindi 38 wakaenda kukutana na Miami kwenye mtoano, anayewahi kushinda mechi nne anapita, Jennings akatamba kwamba watashinda ndani ya mechi sita, wakachapwa 4-0. Portland nao walikuwa na Lillard na McCollum, ambao ni bora kuliko pea hiyo ya Milwaukee kwa mbali na nawaheshimu sana, wakafika fainali ya magharibi 2019, wakakutana na Curry na Klay hawa hawa, tena Durant akiwa majeruhi. 4-0 tena.

Mwaka huohuo ambao Monta anachapwa na Miami, Golden State wako kwenye mtoano na San Antonio. Mechi ya pili ya mfululizo Klay akaweka pointi 34, ndani yake tatu (mashuti ya mbali ya pointi tatu) nane, watu wote wanakumbuka hizo tatu. Mimi nilichokiona, tena baadae kwenye marudio, ni kwamba usiku mzima alikuwa anamfukuza Tony Parker, pointi gadi wa San Antonio. Namba mbili anamkaba namba moja! Nikamkumbuka mtu wa hadiwea papohapo. Curry amepelekwa kwa mtu mwingine huko apumue, miguu yake inatunzwa.

Hapo ndo nilipohama, na tangu hapo sijarudi.

Mdau anasema Klay alibebwa na Curry. Sikatai kwamba Curry ndo jua la ile timu. Ila angalia kwenye kukaba magadi hatari wa timu pinzani, nani alikuwa anapewa Kyrie Irving, nani anapewa Westbrook, nani anapewa Lillard, nani anapewa Harden. Klay. Miaka yote ile. Mtu anamkaba Westbrook mechi nzima halafu bado anapiga shuti, hebu jaribu wewe kumkaba mtu mwenye kasi dakika kumi tu halafu upige fri thro (mtupo huru) uone. Oklahoma City mechi ya sita 2016, Warriors wako nyuma 3-2, huku kwetu ilikuwa saa kumi alfajiri ya Jumapili, nimejifunika shuka mpaka kichwani na simu ili nisimwamshe mama watoto, Klay akapiga tatu 11 na kumaliza na 41. Ya tisa sijui ya kumi nilipiga kelele, mama watoto akaamka akidhani kuna mwizi. Bila ile mechi wala hatuongelei fainali.

Na kwa kuwa nataka kuwa mkweli, fainali yenyewe na Cleveland ya Kyrie waliipoteza, na tazameni ilivyopotea. Mechi ya saba, 89 kwa 89, Klay yuko na Kyrie. Cleveland wakamleta J.R. Smith kuweka skrini, yani kusimama amzibie njia Klay, kwa sababu Smith ndo alikuwa anakabwa na Curry, wakabadilishana, Kyrie akabaki na Curry, akapiga tatu usoni kwake. Yani timu nzima ya Cleveland, sekunde kama 53 zimebaki kwenye msimu mzima, kazi yao ya kwanza ilikuwa kumwondoa Klay pale. Mimi sijaona sifa ya mlinzi kubwa kuliko hiyo, na imetolewa na adui.

Halafu kuna ile ya Disemba 2016 na Indiana. Pointi 60 kwa dakika 29, robo ya nne hakucheza hata kidogo, na mpira kaudunda mara 11. Kumi na moja! Mchoyo alikuwa anazidunda hizo kabla hajavuka nusu uwanja. Ukimweka mtu kama huyo na Curry, Curry hapotezi kitu, mpira wake uko palepale, na walinzi hawajui wamfuate nani sababu wote wawili wanakimbia bila mpira. Msimu ule wa 2015-16 waliposhinda mechi 73 wakapoteza 9, Curry aliingiza tatu 402, Klay 276. Monta angepata wapi nafasi hapo, na Curry angebaki na ngapi?

Poole nitampitia haraka. Sikatai 2022 alisaidia sana, ile mfululizo na Denver alianza yeye Curry akiwa anatokea benchi baada ya kuumia, na ubingwa ule ana mchango wake kabisa. Lakini kumwanzisha na Curry kama pea ya kudumu ni kurudi kulekule kwa Monta, gadi wawili wa kufichwa kwenye difensi, na unaweza kumficha mmoja tu. Poole alikuwa mzuri Curry akikaa. Yale mengine ya kupigwa ngumi na mwenzake mazoezini wala siyaingizi humu, hayahusiani na namba mbili.

Kwahiyo mleta mada, jibu langu ni Klay, ila Klay wa 2013 mpaka ile Juni 2019 goti lilipokatika akiwa na pointi 30, akarudi kutoka vyumbani kupiga fri thro zake mbili akaingiza zote. Baada ya goti ikaja kano ya kisigino, siku 941 nje. Aliporudi shuti ilikuwepo, lakini kuwafukuza kina Parker hakuwezi tena, na hiyo ndo ilikuwa nusu ya kazi yake. Ndo mana Februari 2024 walipomweka benchi akaanza yule dogo Podziemski mimi sikuandamana kama wengine, japo siku hiyohiyo Klay akatoka benchi kule Utah akawapiga 35, nikacheka peke yangu kwenye daladala. Mechi yake ya mwisho akiwa Warriors, dhidi ya Sacramento, alipiga mashuti 10 hakuingiza hata moja. Sikuizima. Niliangalia mpaka kipenga, asubuhi imeshakucha, bando limebaki MB kama 20.

Yule wa hadiwea siku hizi ana tumbo, ana duka lake mwenyewe, na goti limemgomea vilevile. Juzi kati nimeenda kununua misumari nikamtania kuhusu pointi gadi mmoja wa timu pinzani wa enzi zile, akaniambia "yule alikuwa anapenda kwenda kulia." Miaka 13 imepita wakuu, bado anamkaba.